Gitaa Kavu la Jadotville

Tarehe 7 Julai 2007, bendi ya Boredoms kutoka Osaka iliwakusanya wapiga dramu 77 katika bustani ya kando ya mto huko Brooklyn, New York. Katikati yao alisimama kiongozi wa bendi, Yamantaka Eye, akilipiga kwa fimbo gitaa lenye shingo saba. Wapenzi wa roki ya majaribio hulitaja tukio hilo kwa heshima, na wana haki. Sura iliyotangulia ilikuwa ya Wajapani hao, na ilieleza walivyohitaji watu wengi kiasi hicho ili wasikike kama pigo moja. Sura hii inashuka Katanga, kwa mtu aliyeifanya kazi hiyo kinyumenyume: mtu mmoja, gitaa moja kavu, yaani lisilo na umeme, vidole viwili, na msikilizaji anaapa kwamba wapigaji ni watatu.

Tuanzie Kakanda, kwa sababu huko ndiko jiografia ya jambo hili inakoonekana vizuri. Kakanda ni mji wa mgodi ulioko kaskazini-magharibi ya Likasi; ukitoka Likasi unapita Kambove kisha unaendelea kwenye vumbi jekundu mpaka uone mtambo wa kuchenjua madini na nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari kwa mstari. Shaba na kobalti vimeuleta mji huu duniani. Upande wake wa mashariki iko Bunkeya, mji wa zamani wa Mwami Msiri, Mnyamwezi aliyetoka pande za Tabora katikati ya karne ya 19, akajenga ufalme wa Bayeke kwa biashara ya shaba, pembe na watumwa, akauawa tarehe 20 Desemba 1891 kwa risasi ya Kapteni Bodson wa msafara wa Stairs. Kakanda, Bunkeya na Likasi: chora pembetatu hiyo kwenye ramani na utakuwa umezungushia mahali ambapo gitaa la Kiswahili lilipata sauti yake. Kwa mstari ulionyooka, hakuna upande wa pembetatu hiyo unaofika kilomita 100.

Jean-Bosco Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, katika ukoo wa Bayeke wenyewe, na ndiyo maana santuri zake za baadaye zinamwita Mwenda wa Bayeke. Akiwa kijana alikwenda Likasi, ambayo Wabelgiji waliiita Jadotville kwa heshima ya mhandisi wao Jean Jadot. Kila mtu wa pande hizo alikwenda Jadotville. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mwaka 1910 reli ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo, ikitokea kusini, Rhodesia. Kampuni ikaita watu kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na Urundi. Watu hao hawakuwa na lugha moja. Kiswahili, ambacho misafara ya Msiri na ya Waarabu ilikuwa imekwisha kukifikisha, kikawa lugha ya mgodi, ya kantini, ya kambi, ya ugomvi na ya uchumba. Karibu na mji huo palikuwa na Shinkolobwe, mgodi uliotoa urani iliyoishia katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Mwenda alikuwa na umri wa miaka 15 wakati huo.

Ninasisitiza habari ya reli na ya lugha kwa sababu vitabu vingi vya muziki wa Kongo vinaanzia Kinshasa na kuishia Kinshasa. Katika vitabu hivyo Katanga inapewa ukurasa mmoja, tena wa mwanzo, kama utangulizi wa rumba. Mimi naona kosa. Reli ya Katanga ilitazama kusini na mashariki. Barua, nguo, baiskeli, santuri na magitaa vilipita njia hiyo, na nyimbo zilitoka kwa njia hiyohiyo. Gitaa la Jadotville ni tawi la muziki wa Afrika Mashariki lililoota ndani ya mipaka ya Kongo, na historia yake haieleweki ukiisoma kwa Kilingala.

Mtu aliyeliingiza gitaa hilo katika kumbukumbu ya dunia alikuwa Hugh Tracey, Mwingereza aliyekuwa akizunguka kusini na katikati ya Afrika na mitambo ya kurekodi. Alimkuta Mwenda Jadotville, kijana anayepiga mitaani. Wimbo aliourekodi kwake mwanzoni mwa miaka ya 1950, Masanga, ulipewa tuzo ya Osborn ya mwaka 1952 kama rekodi bora ya muziki wa Kiafrika, na ukatolewa na Gallo, kampuni ya Afrika Kusini, kwa nembo ya Gallotone.

Hapo pana jambo ambalo wapenzi wa roki hawalijui au hawalijali. Gallo haikuuza santuri tu, ilitengeneza pia magitaa ya bei nafuu. Moja lilifika Liverpool, likaangukia mikononi mwa kijana aitwaye John Lennon. Ndilo gitaa alilokuwa nalo tarehe 6 Julai 1957, siku alipokutana na Paul McCartney kwenye sherehe ya kanisa huko Woolton. Kwa hiyo nembo iliyomtoa Mwenda kwa dunia ndiyo iliyokuwa kwenye kichwa cha gitaa la mwanzilishi wa Beatles. Sidai kwamba Lennon aliwahi kumsikia Mwenda. Nasema tu kwamba miaka hiyo gitaa la bei ya chini lilikuwa likisafiri kwenda kwa vijana wasio na kitu kila upande wa dunia, na kila mmoja alikuwa akitafuta namna ya kulifanya litoe zaidi ya uwezo wake.

Sasa tutazame mkono. Mwenda hakukung'uta nyuzi zote kwa pamoja kama walivyofanya wengi. Alitumia kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba lilikaa kwenye nyuzi nene, likitembea kwa hatua zisizokoma. Hilo ni besi. Kidole cha shahada kilivuta nyuzi nyembamba kutoka chini kwenda juu, kikitoa sauti kali na fupi. Hiyo ni solo. Mkono wa kushoto, katika Masanga, hauendi mbali: umekaa kwenye C, unatoka kidogo, unarudi. Mpaka hapo hakuna muujiza, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kujifunza. Tatizo linaanza pale vidole viwili vinapokataa kukubaliana juu ya mahali pa kuweka mkazo. Gumba linahesabu kwa namna yake, shahada inahesabu kwa namna yake, na sikio la msikilizaji, likijaribu kuwapatanisha, linajitungia sauti ya tatu ambayo hakuna mtu anayeipiga. Jaribu kupiga kofi ukiusikiliza wimbo huo. Utaanza vizuri, kisha baada ya muda mfupi utajikuta unapiga katikati ya mapigo, bila kujua ulihama lini. Sauti ya kuimba inapoingia, nayo inafuata njia yake, haimwigi gumba wala shahada.

Mwanamuziki na mtafiti David Rycroft alikaa na rekodi hizi kwa muda mrefu, akaziandika kwa noti, kisha akachapisha matokeo katika jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Neno alilochagua kwa kichwa cha makala yake lilihusu ubunifu wa papo kwa papo. Alilinganisha beti kwa beti na kukuta kwamba Mwenda, akirudia kipande, harudii kwa usawa. Kila mzunguko kuna noti iliyosogezwa, iliyochelewa au iliyoachwa. Kipande kile kinachodumu dakika tatu, kwa sababu upande mmoja wa santuri haukubeba zaidi, ni sehemu tu ya kitu ambacho kingeweza kuendelea usiku kucha. Hii ndiyo sababu ninamweka mtu huyu katika kitabu cha muziki wa majaribio bila kuomba radhi. Watu hudhani majaribio lazima yawe makelele.

Mwenda hakuwa peke yake. Edouard Masengo, ndugu yake, alipiga kwa mtindo laini zaidi na kuimba kwa sauti iliyowapendeza wanawake wa mji mzima. Losta Abelo alikuwa mwingine. Masengo alijulikana pia kupitia JECOKE, kundi la vijana wachekeshaji na waimbaji wa mtaa wa Kenya. Msomaji wa Nairobi asichanganyikiwe: Kenya ni moja ya komuni za Lubumbashi, na jina hilo limewapa waandishi wa Ulaya makosa mengi ya kuchekesha.

Lakini Kenya ile nyingine nayo inaingia. Mwaka 1959 Mwenda alikwenda Nairobi na kukaa huko miezi kadhaa. Alipiga redioni, na sauti yake ikatumika kutangaza Aspro, dawa ya maumivu ya kichwa. Masengo naye alifika Nairobi na kutangaza Coca-Cola. Wanaodharau matangazo wafikirie jambo hili upya. Redio ya miaka hiyo haikuwa na nafasi nyingi kwa gitaa kavu, na kampuni za soda na vidonge ndizo zilizolipeleka gitaa hilo hadi kwenye maduka ya Kisumu, Mombasa na Arusha. Msikilizaji aliyekuwa akisubiri taarifa ya habari alipewa sekunde chache za vidole vya Katanga, kwa Kiswahili alichokielewa, hata kama lafudhi ilikuwa ngeni kidogo.

Magharibi mwa Kenya palikuwa tayari na wapiga gitaa wao, na ingekuwa uongo kusema walisubiri Mkongo aje awafundishe. George Mukabi alikuwa na mtindo wake wa omutibo, wenye besi inayotembea na chupa ya Fanta inayogongwa na kukwaruzwa kwa msumari au kisu. John Mwale alikuwa na wake. Ila ukiwasikiliza kwa zamu na Mwenda, utasikia jinsi kidole cha shahada kilivyobadilika baada ya santuri za Jadotville kuzagaa: kinathubutu zaidi, kinajibishana na sauti ya mwimbaji badala ya kumfuata nyuma. Mukabi alikufa mwaka 1963 akiwa bado kijana. Mtindo ule wa kupiga kwa gumba na shahada uliendelea kukaa mikononi mwa wapigaji wa vijijini muda mrefu baada ya Nairobi kuhamia kwenye umeme.

Umeme ndio unaotuleta kwa mtu wa pili wa Likasi, ambaye naona amesahaulika vibaya kuliko Mwenda. Ilunga wa Ilunga, aliyejulikana kama Baba Gaston, alizaliwa Likasi mwaka 1936. Akaunda bendi iliyoitwa Baba National, na baada ya miaka ya kupiga Lubumbashi, mwaka 1971 akaihamishia Dar es Salaam, kisha mwaka 1975 Nairobi. Angalia mwelekeo. Mwanamuziki wa Likasi aliyetaka kupanua kazi hakukimbilia mji mkuu wa nchi yake. Alifuata lugha, akaelekea mashariki.

Baba Gaston alikuwa mkubwa wa mwili, mkali wa nidhamu kwa bendi, na hodari wa kuwatambua vijana wenye vipaji. Kuwashikilia ndiko kulikomshinda. Mwaka 1976 kundi la wanamuziki wake, Bwamy Walumona na Kabila Kabanze Evany wakiwamo, walimwacha wakaunda Les Mangelepa. Bendi hiyo ya waasi ndiyo iliyoliteka soko la Nairobi kwa nyimbo kama Embakasi na Nyako Konya, na haikuvunjika. Mwaka 2017 ilitoa albamu ya Last Band Standing, ikapanda majukwaa ya Ulaya wakati wenzao wengi wa zama zile walikuwa wamekwisha kuzikwa. Baba Gaston aliendelea, akatoa Condition Bi-Msum mwaka 1983, akafariki mwaka 1997. Kila Desemba, Wakenya ambao hawajawahi kulisikia jina la Likasi hucheza Kakolele Viva Christmas. Ni wimbo wake. Naukuta kwenye matatu, madukani, kwenye harusi za mwisho wa mwaka, na sijawahi kusikia mtangazaji akisema umetungwa na nani.

Nairobi ya miaka hiyo ilijaa watu waliopita njia ya shaba. Super Mazembe, iliyoanza Zaire mwaka 1967 kwa jina la Super Vox chini ya Mutonkole Longwa Didos, ilipitia Zambia na kufika Nairobi mwaka 1974. Wimbo wake Kasongo uliibuka upya mwaka 2024 pale vijana wa Kenya walipoufanya jina la utani la rais wao. Toka upande wa Zambia wa ukanda huohuo wa shaba ilikuja Musi-O-Tunya ya Rikki Ililonga, bendi ya roki halisi, gitaa lenye mkwaruzo na ngoma za kwao, nayo ikarekodi Nairobi. Zamrock, yaani roki ya Zambia, ina sura yake mbele. Hapa inatosha kusema kwamba hata yenyewe ilipopata hamu ya kutanuka ilipanda basi la kwenda kaskazini-mashariki.

Mwenda mwenyewe aliendelea vipi? Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Kisha pakawa kimya. Rumba ya Kinshasa, yenye magitaa matatu ya umeme, tarumbeta na mavazi ya gharama, ilikuwa imeifunika Zaire yote, na mtu anayepiga peke yake kwa Kiswahili alionekana kama babu. Mwaka 1979 Mwingereza John Low, aliyekuwa amejifunza mtindo huo kupitia santuri, alikwenda Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, akawakuta wazee wake: Mwenda, Masengo, Abelo. Safari hiyo aliiandikia kitabu, Shaba Diary, kilichochapishwa mwaka 1982. Mwaka 1988 Mwenda alirekodi albamu Cape Town. Mwaka 1990 alifariki katika ajali ya gari.

Mwaka huohuo, mwezi Septemba, sehemu ya mgodi wa Kamoto huko Kolwezi iliporomoka, na Gécamines, kampuni ya serikali iliyorithi mali ya Union Minière, ikaporomoka nayo. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 haikufika 50,000. Kwa Kakanda, Kambove na Likasi hii haikuwa takwimu. Kampuni ndiyo iliyokuwa inalipa mshahara, kutoa posho ya unga, kuendesha shule na hospitali, na mara nyingi ndiyo iliyokuwa na ukumbi, vyombo vya bendi na umeme wa kuviendesha. Bendi ya magitaa ya umeme inahitaji mfadhili. Mfadhili akifa, nini kinabaki?

Kinabaki pipa. Karindula ni chombo cha Katanga kinachotengenezwa kwa pipa la mafuta lililowambwa ngozi ya mbuzi upande mmoja na kupachikwa shingo ndefu ya mbao yenye nyuzi nne. Mpigaji hulilaza pipa na kulikalia au kukaa nyuma yake, shingo ikitokeza mbele mpaka mbali. Ni banjo, lakini banjo la kumbeba mtu. Kwa kuwa mlio unapita kwenye ngozi na bati kwa pamoja, kila noti hutoka na mtetemo wake, mkwaruzo wa aina ambayo wapiga roki wa Ulaya hulipia vifaa vya umeme ili waupate. Pembeni kunakuwa na chombo kingine kidogo cha namna hiyohiyo kinachokimbia juu, na mtu anayegonga mdundo. Waimbaji wanapokezana. Wimbo hauna haraka ya kuisha. Zambia wana ndugu yake, kalindula, ambayo jina lake lilikuja kuwa jina la muziki wa dansi wa nchi nzima katika miaka ya 1970 na 1980.

Mwaka 2011 Vincent Kenis, mtayarishaji wa Kibelgiji wa kampuni ya Crammed, alitoa The Karindula Sessions, rekodi za makundi kadhaa zilizofanyika Lubumbashi, BBK na Bena Simba wakiwamo, pamoja na filamu yake. Kenis ndiye aliyewatambulisha Konono No. 1 wa Kinshasa kwa dunia, wale wenye likembe zilizounganishwa na vipaza sauti vya kujitengenezea. Mimi naipenda karindula zaidi, na nina sababu. Konono wana mlio mmoja wa ajabu wanaoushikilia. Karindula ina mazungumzo. Sikiliza nyuzi nene za pipa kubwa zinavyotembea bila kusimama, na kile chombo kidogo kinavyokataa kukubaliana nazo. Sina karatasi ya kuonyesha kwamba vijana wa mapipa walikaa chini ya Mwenda wakafundishwa. Sikio langu linasema kazi ya gumba na shahada imegawiwa watu wawili.

Mwaka 2010 Crammed ilikuwa imewaalika wanamuziki wa roki wa nchi mbalimbali watunge upya nyimbo za Kongo katika albamu ya diski mbili iliyoitwa Tradi-Mods vs Rockers. Kati ya walioitikia alikuwa Eye wa Boredoms, aliyechukua kazi ya Konono na kuisaga kwa namna yake. Mwaka uliofuata likaundwa kundi la pamoja la Wakongo na wapiga roki, likazunguka Ulaya na kufika hadi tamasha la Fuji Rock, Japani. Walioitwa walikuwa Konono na Kasai Allstars, watu wa Kinshasa wote. Vikundi vya karindula havikuwamo. Albamu ya vikundi hivyo ilitoka mwaka huohuo, na aliyetaka kuviona vikipiga alilazimika kutazama filamu yake au kufunga safari ya Lubumbashi.